Kamera ya Nyuma Haiondoi Wajibu wa Dereva



Yapata miaka miwili sasa, alasiri moja, nilitoka madrasa nikiwa na haraka ya kuwahi maziko upande wa pili wa mji. Gari nililikuta mahali pake pa kila siku, mgongo wake umeuelekea uchochoro wanaoupitia wanafunzi. Nikaliwasha, nikaingiza gia ya rivasi, na skrini iliyo katikati ya dashibodi ikanionyesha ua mtupu: ukuta, ndoo ya maji, na kivuli cha mwarobaini. Nikaachia breki. Gari halikwenda hata hatua mbili nikasikia kofi zito ubavuni, na sauti ya mama auzaye mahamri mlangoni: “Simama, maalim! Mtoto!”

Nilishuka mwili ukinitetemeka. Kwenye pembe ya kushoto ya bampa alikuwa amechuchumaa mwanafunzi wangu wa miaka sita, juzuu yake ameibana kwapani, anahangaika na ndara iliyomvuka mguuni. Baina ya kichwa chake na bampa palikuwa na upana wa kiganja. Yeye mwenyewe hakujua lililotaka kutokea. Aliinua ile ndara akanionyesha, akasema, “Imekatika, maalim.”

Nilirudi kuitazama ile skrini. Haikuwa imeharibika, wala lenzi ya kamera haikuwa na uchafu. Bado ilinionyesha ukuta, ndoo na kivuli cha mwarobaini, kwa rangi safi kabisa. Kamera ilikuwa imenionyesha kila kilichokuwa mbele ya jicho lake. Mtoto hakuwa mbele ya jicho lake. Maziko niliyaendea kwa tuktuk, kwa kuwa miguu yangu siku ile ilikataa kukanyaga pedali.

Tangu hapo nimejilazimisha kujifunza chombo hiki ambacho nilikitumia bila kukijua. Leo, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, napenda tushirikiane katika niliyojifunza, kwani katika mitaa yetu sasa ni nadra kukuta familia yenye gari lisilokuwa na kamera ya nyuma, na ni nadra zaidi kumkuta dereva aliyeelezwa mipaka yake.

MANENO TUSIYOYASOMA

Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani, yakashuka katika bandari ya Mombasa kabla ya kutimiza miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, kama inavyotakiwa na kanuni za Kenya. Tunayapokea na skrini zake, na skrini hizo zinazungumza Kijapani. Sisi huzoea haraka: hiki ni kitufe cha redio, kile ni cha kiyoyozi, na hayo maandishi mengine hatuna haja nayo.

Juma lile lile la tukio langu, kijana mmoja anayeshughulika na magari ya bandarini alikuja kunitembelea. Nikamwomba aniwekee gia ya rivasi, kisha aelekeze simu yake kwenye skrini ili programu ya tafsiri iyasome yale maandishi yanayotokea chini ya picha. Akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: “Sheikh, hapa wanakwambia uhakikishe kwa macho yako mwenyewe yaliyopo kandokando ya gari.”

Onyo la namna hiyo limo katika magari mengi yanayotoka Japani. Waliokitengeneza chombo walijua udhaifu wake, wakauandika pale pale tunapotazama. Mimi nilikuwa nimepewa nasaha hiyo kila siku kwa muda mrefu, asubuhi na jioni, wala sikupata siku moja ya kuuliza inasema nini. Ndugu msomaji, ikiwa skrini ya gari lako ina maandishi usiyoyafahamu, mtafute mwenye simu akufasirie leo hii, usingoje kesho.

KAMERA HII ILITOKA WAPI

Kamera ya nyuma si chombo kipya sana. Miongoni mwa magari ya mwanzo kuuzwa nacho ni Toyota Soarer ya mwaka 1991, nchini Japani. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa pambo la magari ya matajiri. Kilichokibadilisha kikawa lazima ni msiba.

Mwaka 2002, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 2 aitwaye Cameron Gulbransen aligongwa na kufariki nje ya nyumba yao. Gari lilikuwa likirudi nyuma, na aliyeliendesha alikuwa baba yake mzazi, naye ni daktari wa watoto. Hakumwona. Familia yake na nyingine zilizofikwa na misiba kama huo ziliomba sheria, na mwaka 2008 sheria yenye jina la mtoto huyo ikatiwa saini na Rais George W. Bush. Kanuni zake zilikamilishwa mwaka 2014, na kuanzia tarehe 1 Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani ni lazima liweze kumwonyesha dereva yaliyo nyuma yake. Japani nayo ilianza kuwalazimisha watengenezaji wake mwaka 2022 kwa aina mpya za magari.

Wakati wa kutangaza kanuni hizo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kuwa watu wapatao 210 hufariki kila mwaka nchini humo kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na wengine 15,000 hujeruhiwa. Katika waliofariki, asilimia 31 ni watoto wasiofika miaka 5, na asilimia 26 ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Ukizijumlisha hesabu hizo, utaona kwamba zaidi ya nusu ya msiba huu huwaangukia wawili walio dhaifu zaidi katika nyumba: mjukuu na babu.

Je, kamera imeondoa msiba huo? Imeupunguza, haikuuondoa. Taasisi ya bima inayochunguza usalama wa magari nchini humo, IIHS, ilipolinganisha magari yenye kamera na yasiyokuwa nayo, iliona kuwa ajali za kurudi nyuma zilizoripotiwa polisi zilipungua kwa takribani asilimia 17. Hiyo ni faida ambayo hatuwezi kuidharau. Lakini fikiri, ndugu yangu: katika kila ajali sita, kamera imezuia moja. Zile tano zilizobaki zinamngoja dereva.

INAVYOONA, NA ISIVYOONA

Kamera hufungwa juu ya kibao cha nambari au kwenye mlango wa buti, nayo hutazama chini na nyuma. Lenzi yake ni ya upana mkubwa, ili picha moja imeze eneo lote lililo nyuma ya gari. Upana huo una gharama yake: vitu huonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Mtu unayemwona kwenye skrini kana kwamba yuko hatua nne, huenda yuko hatua mbili.

Pili, pembe za bampa. Upana wa lenzi una mwisho, na sehemu iliyo karibu kabisa na pembe za gari, pamoja na ile iliyo chini ya bampa, mara nyingi hubaki nje ya picha. Ndipo alipokuwa mwanafunzi wangu. Ubavuni kwa gari nako hakuonekani kabisa. Mtoto atokaye ubavuni mbio huingia katika picha akiwa tayari amelifikia gari.

Tatu, ile mistari ya rangi. Wengi wetu tunaiamini kana kwamba ni fundi ameipima chini kwa rula. Katika magari mengi mstari mwekundu huonyesha takribani nusu mita kutoka bampa, kisha hufuata wa manjano na wa kijani kwa umbali unaozidi. Lakini mistari hiyo imechorwa kwa kudhania kuwa ardhi ni tambarare na gari limesimama sawasawa. Ardhi iliyo nyuma ikiwa inapanda, kitu huonekana kiko mbali kuliko kilivyo, na hapo ndipo hatari kubwa. Ikiwa inashuka, huonekana karibu kuliko kilivyo. Na ukilijaza gari abiria watano na magunia kwenye buti likainama nyuma, hesabu ya mistari huvurugika vile vile.

Nne, mistari hiyo hulala ardhini, haisimami. Fikiria mkokoteni uliobeba mbao ndefu zilizotokeza. Magurudumu yake huenda yako nyuma ya mstari wa manjano, nawe ukajiona una nafasi ya kutosha, kumbe ncha za mbao zimeshafika kwenye kioo chako. Ndivyo ilivyo kwa sakafu ya lori, kibaraza kilichotokeza, na tawi la mkorosho.

Tano, mwanga na hali ya hewa. Jua la alasiri likiipiga lenzi moja kwa moja, picha hugeuka nyeupe. Usiku katika uchochoro usio na taa, kamera hutegemea taa za rivasi tu, nazo ni hafifu. Mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe huenda akaonekana. Mama aliyevaa buibui jeusi huweza kupotea kabisa katika giza la picha. Jambo hili nawaombeni wanaume tulizingatie, hasa tunapotoka misikitini baada ya taraweeh, wakati uwanja umejaa mama zetu na dada zetu wakirejea nyumbani.

Na sisi watu wa pwani tuna la kwetu: chumvi. Upepo wa bahari huacha utando juu ya lenzi ambao jicho halioni mpaka uufute. Masika huleta matope, kiangazi huleta vumbi. Tone moja la mvua lililoganda katikati ya lenzi linatosha kumficha mtoto. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi, bila kukwaruza. Wanaoosha magari kwa mashine ya maji ya nguvu waelezwe wasiipige kamera kwa mkondo wa karibu, kwani maji yakipenya ndani picha hujaa ukungu.

KAMERA ZA KUFUNGIWA

Wako wenye magari ya zamani ambao hununua kamera dukani wakafungiwa na fundi. Hilo ni jema, ila lina mambo mawili ya kuchunguza kabla ya kumlipa fundi ujira wake.

La kwanza, picha igeuzwe kama ya kioo. Mwambie mtu asimame kwenye pembe ya kulia ya nyuma, ainue mkono, nawe ukae mahali pa dereva. Ikiwa unamwona upande wa kulia wa skrini, ni sawa. Ikiwa anaonekana kushoto, kamera hiyo itakuongoza kumgonga yule unayemkimbia.

La pili, mistari. Katika kamera nyingi za namna hii mistari imechorwa kiwandani, haijui gari lako lina upana gani wala kamera imefungwa kwa kimo gani. Usiifuate mpaka uipime mwenyewe kwa njia nitakayoieleza hapa chini. Na ujue kuwa kamera hizi mara nyingi huchukua umeme wake kwenye waya wa taa ya rivasi. Palipo na hitilafu katika waya huo, huenda ukapoteza taa na picha kwa pamoja.

HESABU YA SEKUNDE MOJA NA NUSU

Tuseme dereva ameona kitu cha ghafla kwenye skrini. Macho yaone, akili ifahamu, mguu uhame mpaka kwenye breki: tukadirie sekunde moja na nusu. Gari linalorudi nyuma kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa huwa limekwenda mita 4 na zaidi kabla ya breki kuguswa. Kwa kilomita 5 kwa saa, ambayo ni mwendo wa mtu atembeaye, ni mita 2. Sasa kumbuka ule mstari mwekundu: nusu mita. Anayengoja mtoto afike kwenye mstari mwekundu ndipo asimame, amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza si kamera bali ni mwendo. Gari la gia za otomatiki hurudi lenyewe ukilegeza breki. Usikanyage mafuta, na mguu wako usiondoke juu ya breki. Kurudi nyuma kuwe polepole kuliko mtu mzee anayetembea kwa mkongojo.

Tena, skrini huchukua muda kuwaka. Hata kanuni za Marekani zinaruhusu picha kuchelewa hadi sekunde 2 baada ya kuingiza gia. Dereva mwenye haraka huwa ameshaanza kusogea ndani ya sekunde hizo, naye haoni chochote. Ingiza gia, mguu kwenye breki, ngoja picha itulie, vuta pumzi, kisha tazama.

ZOEZI LA FAMILIA

Hili nimelifanya nyumbani kwangu na wajukuu, nao walilifurahia kuliko hotuba. Chagueni siku ya mapumziko, gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imezimwa na breki ya mkono imevutwa. Fungueni umeme wa gari na kuingiza rivasi ili kamera iwake. Ikiwa gari lenu halionyeshi picha bila injini kuwaka, basi liwasheni, lakini mguu wa dereva usitoke kwenye breki, magurudumu yawekewe mawe, na kazi ya nje aifanye mtu mzima peke yake.

Dereva akae mahali pake. Mtu wa nje achukue ndoo, aiweke nyuma ya gari, kisha aisogeze kidogo kidogo kuelekea kila pembe mpaka dereva aseme, “Siioni.” Hapo pachorwe alama ya chaki. Mkimaliza pande zote, mtaona eneo ambalo kamera haioni, limechorwa wazi ardhini. Kisha pimeni kwa tepu nusu mita, mita moja, mbili na tatu kutoka bampa, mweke ndoo katika kila kipimo, na dereva aangalie inakaa wapi kwenye mistari ya skrini. Baada ya hapo zimeni gari, watoto waitwe, kila mmoja aketi kwenye kiti cha dereva aone jinsi ndoo inavyopotea.

Mjukuu wangu wa kike, ana miaka minane, alishuka kwenye kiti akaenda kusimama ndani ya mchoro wa chaki, akauliza: “Kwa hivyo hapa babu hunioni?” Nikamwambia, “Hapo sikuoni.” Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewafukuza wenzake nyuma ya magari mtaani.

ADABU ZA KURUDI NYUMA

Kwanza, lizunguke gari kabla ya kupanda. Huu ni mzunguko wa chini ya nusu dakika, nao huona lile lisiloonwa na kamera: mtoto aliyejificha, paka chini ya tairi, baiskeli iliyolazwa. Ukishazunguka, panda na uondoke papo hapo. Ukianza kupiga simu, mzunguko wako umebatilika. Shuka uzunguke tena.

Pili, fungua dirisha na uzime redio, hata iwe ni mawaidha. Sikio huweza kuokoa pale jicho liliposhindwa. Mimi niliokolewa na kofi la mkono na sauti ya mama, na lau madirisha yangu yangalikuwa yamefungwa na redio inanguruma, pengine nisingalisikia.

Tatu, macho yazunguke: vioo vya pembeni, kioo cha kati, geuza shingo utazame nyuma, kisha skrini, halafu anza tena. Skrini iwe moja ya mashahidi, isiwe shahidi pekee. Anayeikodolea macho peke yake husahau hata kuwa pua ya gari nayo huyumba upande wa pili anapokata usukani.

Nne, ukiweza, ingia kwa rivasi na utoke kwa mbele. Unapofika nyumbani umetoka kupapita mahali pale na umepaona. Unapoondoka, hujui nani amefika tangu ulipoegesha.

Tano, kitu kikipotea kwenye picha, simama. Mtu uliyemwona akatoka kwenye skrini hajaondoka duniani. Usiendelee mpaka umwone tena alipo.

Sita, mtake mtu akuongoze. Wazee wetu wa malori hawakuwa na kamera, bali walikuwa na utingo aliyeshuka, akasimama mahali dereva anapomwona kwenye kioo, akapiga bodi: kofi moja simama, makofi mawili rudi. Ada hii tuirejeshe nyumbani. Mke amwongoze mumewe, kijana amwongoze baba yake, na dereva akimpoteza kiongozi wake kwenye kioo, asimame. Wala isionekane ni aibu. Aibu ni ile ambayo mtu huwa nayo baadaye.

KWA AKINA MAMA NA WAZEE

Misiba mingi ya namna hii hutokea nyumbani, na mara nyingi dereva ni mzazi au jamaa. Mtoto hasukumwi na utundu. Husukumwi na kitu ila mapenzi. Amesikia baba anaondoka, amekimbia kumuaga. Kimo cha mtoto wa miaka 2 ni kama sentimita 85, hivyo hata akisimama wima nyuma ya gari, kichwa chake hakifiki kioo cha nyuma cha magari mengi.

Basi iwekwe kanuni ya nyumba: gari halisogei mpaka kila mtoto mdogo awe ameshikwa mkono au amebebwa, na aliyemshika asimame mahali dereva anapomwona. Kuaga kufanyike mlangoni kabla ya baba kupanda. Watoto wakubwa wafundishwe kwamba zile taa nyeupe za nyuma zikiwaka, gari linakuja. Wafundishwe pia wasitegemee mngurumo, kwani magari ya haibridi huweza kurudi nyuma kwa umeme, kimya kimya.

Na wazee wenzangu, ambao shingo zetu hazigeuki kama zamani: kamera kwetu ni neema kubwa, tuitumie. Lakini shingo isiyogeuka ni sababu ya kushuka na kuzunguka, si sababu ya kuiachia skrini kila kitu.

UPANDE WA SHERIA YETU

Wako watakaosema, “Ajali ni kadari.” Ni kweli kila jambo ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini tunakumbuka kisa cha yule aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, naye akaamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kuzunguka gari ni kamba ya ngamia wetu.

Na sheria haikumwacha aliyeua kwa kukosea aende hivi hivi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, imewekwa diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na kafara ambayo, kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, aliyeua harithi kwa aliyemuua, hata ikiwa ni kwa kukosea. Nimewahi kuketi na mzazi aliyekuwa katika saumu hizo. Sitasimulia yake, ila nitasema kwamba njaa ndiyo iliyokuwa nyepesi katika alivyokuwa navyo. Anayefikwa na mtihani huo tusimwongezee lawama. Tumwelekeze kwa wanavyuoni, na tumwonee huruma.

Waadhi, walimu wa madrasa na kamati za misikiti, nasi tuna sehemu yetu. Panapotoka watoto pasiwe ndipo magari yanaporudi nyuma. Kwetu tulihamisha maegesho hadi upande wa barabara, kwa gharama ya kamba na madebe manne ya saruji. Lilikuwa jambo la siku moja, nalo lilingojea miaka kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni jambo.

Yule mwanafunzi wangu sasa amefika juzuu ya tatu. Kila alasiri nikitaka kuondoka, yeye na mwenzake husimama pembeni ya ukuta, mahali ninapowaona, na mmoja huinua mkono. Nami hushuka, nikalizunguka gari, ingawa mkono umeinuliwa.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, wazee wetu na wapita njia wetu, na atujaalie kuzitumia neema alizotupa kwa elimu na hadhari. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakaatuh.